Shangazi, wakala anataka milioni 9 anipeleke Ujerumani

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 28, naishi Tanga. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, nimesajiliwa na Baraza, leseni yangu iko hai, na huu ni mwaka wa nne niko kwenye kituo cha afya cha binafsi. Mshahara ni shilingi 520,000, na miezi mingine unachelewa mpaka tarehe 15. Nina binti wa miaka 6, tunaishi naye kwa mama yangu. Baba yake hatukuoana, lakini hajamkana mtoto. Akipata anatuma, asipopata tunasubiri.

Miezi miwili iliyopita rafiki niliyesoma naye aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi wanaotaka kwenda Ujerumani. Mwenye kundi ni wakala, ana ofisi Kariakoo. Nilienda kumwona. Ofisi safi, bendera ndogo ya Ujerumani mezani, ukutani picha za watu wakiwa uwanja wa ndege na mabegi. Akaniambia jumla ni milioni 9, nusu sasa na nusu viza ikitoka. Ataniombea viza ya matembezi ya siku 90, barua ya mwaliko anayo, na taarifa ya benki "itatengenezwa" ionekane nina akiba. Nikishafika nitabadilisha viza hapo hapo, kwa sababu hospitali zinalilia wauguzi. Nikamuuliza, ikishindikana je? Akacheka, akasema, "Ikishindikana unajilipua, makaratasi utapata tu."

Alisema pia kuna kadi mpya ya pointi inaitwa Chancenkarte, nikiongeza milioni 3 ananipangia pointi zangu. Na kwamba Wakenya wameshapewa nafasi 250,000 za kazi Ujerumani huku sisi tumelala.

Kaka yangu anataka tuuze shamba la machungwa alilotuachia baba huko Muheza, ekari mbili na nusu. Mnunuzi yupo. Mama hasemi kitu. Jioni anakaa barazani na ungo, anachambua mchele ambao ameshauchambua.

Mimi nina akiba ya milioni 3 na laki 2. Pasipoti yangu anayo wakala tangu wiki tatu zilizopita, alisema ni ya kuanzia mchakato. Anataka malipo ya kwanza kabla ya tarehe 30. Shangazi, anachosema ni kweli? Kama si kweli, viza inayonifaa mimi ni ipi, na nijiandae vipi? Na mwanangu nitamwachaje?

Muuguzi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na pasipoti. Panda basi na kaka yako mkaichukue, wiki hii hii. Msigombane naye wala msijieleze sana, mwambie unaihitaji kwa shughuli nyingine. Hakuna hatua ya viza ya Ujerumani inayotaka mtu binafsi akae na pasipoti yako kwenye droo wiki tatu. Akianza visababu, au akikudai "gharama za kuanzia", nendeni polisi mkatoe taarifa, na Uhamiaji nao wajue.

Milioni 9 usilipe. Na shamba la Muheza lisiuzwe.

Anachokuuzia ni viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Hiyo ni ya kutembea, kumwona ndugu, kuhudhuria mkutano. Inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na haikuruhusu kuajiriwa. Ada yake rasmi kwa mtu mzima ni euro 90, ili ujue hizo milioni zingine zinakwenda wapi. Anayehamia Ujerumani kwa kazi au mafunzo anaomba viza ya taifa, ile ya herufi D, akiwa bado nyumbani. Ada ya hiyo ni euro 75. Mtanzania anayeingia kwa viza ya matembezi halafu akaenda ofisi ya wageni kusema sasa nimepata kazi, jibu atakalopewa karibu mara zote ni kwamba arudi kwao akaombe upya. Atakuwa amekwenda mpaka kule kuambiwa alichoweza kuambiwa Dar es Salaam.

Taarifa ya benki ya kutengeneza ndiyo inayonitia hofu zaidi. Fomu ya viza utaisaini wewe, na vidole vitakavyowekwa kwenye mashine ni vyako. Taarifa za ombi la Schengen, pamoja na alama za vidole, hukaa kwenye mfumo wao wa pamoja miaka 5, na balozi za nchi zote za Schengen zinaziona. Ukikamatwa na karatasi ya uongo leo, siku utakayopeleka ombi la kweli, lenye mkataba wa hospitali na cheti cha lugha, atakayelipokea atakuwa anasoma historia yako. Wakala atakuwa amebadilisha laini ya simu.

Kuhusu kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa jina na nchi ya uongo, nitakueleza nilichokiona. Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee Bremen kwa miaka 9. Jengo nililopanga alikuwepo dada mmoja, muuguzi kama wewe, kutoka huku kwetu. Alishauriwa na aliyempeleka abadilishe jina na nchi, aombe hifadhi. Ombi likakataliwa, akakata rufaa, akasubiri. Miaka ikaenda. Hakuweza kuonyesha cheti chake cha uuguzi popote, maana kilikuwa na jina lake la kweli, na jina la kweli lingemuumbua. Mama yake alipofariki alikaa kwenye ngazi za lile jengo ameshika simu, anafuatilia mazishi kwa video, akijua akitoka nje ya Ujerumani harudi. Hifadhi imewekwa kwa ajili ya watu wanaokimbia kuuawa na kuteswa. Ombi la namna ile likishakataliwa, kuhamia kibali cha kazi ukiwa huko huko ni vigumu mno.

Sasa nikuambie jambo ambalo wakala huyu ama halijui ama analificha. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi ambazo wahudumu wake wa afya ni wachache kupita kiasi. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Ujerumani imeiingiza orodha hiyo kwenye sheria yake: kifungu cha 38 cha kanuni zake za ajira kinasema kwamba kutafuta na kuunganisha wafanyakazi wa afya na uuguzi kutoka nchi za orodha hiyo kunaruhusiwa kufanywa na Wakala wa Ajira wa Shirikisho, ambao ni wa serikali yao, peke yake. Wakala binafsi anayefanya hivyo anatenda kosa la kutozwa faini. Soma tena mwanangu. Biashara anayoifanya yule bwana kwa wauguzi wa Tanzania, sheria ya nchi anayokupeleka inaikataza.

Hiyo haina maana kwamba wewe umefungiwa mlango. Muuguzi anayeomba kazi mwenyewe, kwa barua yake na vyeti vyake, hakatazwi na kifungu hicho. Kinachokatazwa ni mtu wa katikati. Kwa hiyo kazi unayotaka kumlipa milioni 9 aifanye, itabidi uifanye wewe, na kwa bahati njema unaiweza.

Nipite haraka kwenye njia zisizokufaa, ili zisikusumbue. Chancenkarte ipo kweli, ilianza Juni 2024. Ni ya mtu anayekwenda kutafuta kazi, anahitaji pointi 6, na pointi zinatokana na umri, uzoefu, lugha na elimu. Hazipangwi na mtu, unazo au huna. Lakini lazima uonyeshe una fedha za kujikimu: kwa mwaka 2025 ni euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na kwa kawaida zinawekwa kwenye akaunti iliyofungwa. Ukiwa nayo unaruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki, na wewe bila kutambuliwa kama muuguzi utaishia kubeba boksi. Ile kadi ya bluu ya Ulaya inataka mshahara mkubwa na, kwa fani nyingi, shahada. Iache. Na hizo nafasi 250,000 za Wakenya hazipo. Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamiaji Berlin, Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Habari za 250,000 zilipoenea, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha kwamba kuna idadi yoyote iliyotajwa humo. Mkenya naye anapimwa kwa vyeti na lugha.

Kuna Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka 3 ambayo mwanafunzi analipwa kila mwezi huku anasoma. Kwa uuguzi kwenye hospitali za umma posho ya mwaka wa kwanza inazidi euro 1,300 kabla ya makato, na viza yake inataka Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati (ngazi zinapanda A1, A2, B1, B2 na kuendelea). Ni njia nzuri kwa kijana aliyemaliza shule hana fani. Wapo wauguzi wetu wenye leseni wanaoichukua kwa kuwa wamesikia ni rahisi, wakaanza upya kufundishwa kupima presha. Wewe una stashahada na miaka minne ya wodini. Usiitupe.

Njia yako ni ya kutambuliwa kwa taaluma. Uuguzi kule ni kazi ya leseni kama huku, kwa hiyo mamlaka ya jimbo, maana Ujerumani ina majimbo 16 na kila moja lina ofisi yake, inachukua masomo yako na kuyalinganisha na ya muuguzi wao. Wanalinganisha kwa saa: nadharia saa ngapi, vitendo saa ngapi, wodi ya watoto, ya wazee, ya afya ya akili. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu cheti na matokeo peke yake havionyeshi saa. Unahitaji mtaala wa kozi yako na barua ya chuo inayotaja saa za kila somo na kila mzunguko wa vitendo, yenye mhuri na sahihi. Chuoni watakuambia njoo wiki ijayo. Nenda wiki ijayo, na ile nyingine. Hiyo ndiyo karatasi moja itakayokula muda wako kuliko zote, ndiyo maana nakuambia uianze sasa kabla hata ya lugha. Ukiwa kwenye kuhangaika huko, omba Baraza la Uuguzi na Ukunga barua ya kuthibitisha usajili wako na kwamba huna kesi ya kinidhamu. Omba na mwajiri wako barua inayosema umefanya kazi wodi zipi, tangu lini, saa ngapi kwa wiki. Vyote vitatafsiriwa Kijerumani na mfasiri aliyeidhinishwa, na usimpe mtu yeyote nakala halisi akae nazo.

Jibu litakalokuja huenda likawa barua wanayoiita Defizitbescheid, yaani ya upungufu. Jina linatisha, na nimeona watu wakilia wakidhani wamekataliwa. Maana yake ni kwamba wamekutambua kwa sehemu na wamekuonyesha kipi kimebaki. Wewe tarajia hivyo hivyo, hasa kwa kuwa stashahada zetu zinachanganya uuguzi na ukunga, na kule ukunga ni taaluma nyingine kabisa, tangu 2020 unasomewa chuo kikuu. Kilichobaki unakimaliza ukiwa Ujerumani, ama kwa kozi ya kujazia yenye vitendo hospitalini, ama kwa mtihani wa maarifa. Viza ya kwenda kufanya hivyo iko kwenye kifungu cha 16d cha sheria yao ya ukaaji, na inaweza kutolewa kwa muda wa hadi miaka 2. Katika kipindi hicho unafanya kazi na kulipwa kama msaidizi. Ukipata leseni kamili unahama kwenda kibali cha mfanyakazi mwenye taaluma.

Maswali yako ya mwanzo usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp. Serikali yao ina ofisi Bonn inayoitwa ZSBA, kazi yake ni kuwashauri watu walio nje kuhusu kutambuliwa kwa taaluma, na ni bure. Ina wafanyakazi wanaojibu barua pepe. Tovuti ya serikali ya Make it in Germany nayo ina matangazo ya kazi ya waajiri halisi. Ukishapata mwajiri, muulize kama yuko tayari kufungua utaratibu wa haraka wa viza ya mfanyakazi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Ada yake ni euro 411, hufunguliwa na mwajiri kwa niaba yako, na hospitali nyingi zinaujua. Ombi la viza lenyewe siku hizi linaanzia mtandaoni, kwenye tovuti ya huduma za kikonseli ya Wizara yao ya Mambo ya Nje, kisha unakwenda mwenyewe ubalozini, Umoja House pale Dar, na vyeti halisi na vidole vyako.

Lakini bila lugha yote haya ni karatasi tu. Leseni kamili ya uuguzi inadai B2 karibu kila jimbo, na nitakueleza kwa nini naona wana haki.

Mwaka wangu wa pili Bremen nilikuwa na B1 na kiburi. Usiku mmoja bibi wa chumba cha mwisho aligonga kengele. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akaniambia, "Mir ist so schummrig." Neno hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni: schummrig, giza-giza, mwanga hafifu. Nikamwambia haya bibi, nikamgeuzia mgongo kwenda kuwasha taa kubwa ukutani. Nikasikia kishindo. Kumbe kwa watu wa kule mtu akisema yeye ni schummrig anasema kizunguzungu kimemshika. Alikuwa ananiambia anaanguka, na mimi nikaenda kutafuta swichi. Alivunjika nyonga. Mpaka leo nikiwasha taa chumbani usiku namkumbuka.

Taasisi ya Goethe inakadiria kufika B2 kunahitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Kwa mtu wa zamu kama wewe, hesabu mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Anza na kozi ya bure ya Deutsche Welle mtandaoni, hao hao unaowasikia redioni kwa Kiswahili. Inakutoa A1 mpaka B1. Ukishajua unaipenda lugha na inakukaa, ndipo utoe fedha: Goethe wako Upanga, Dar es Salaam, na wana masomo ya mtandaoni pia. Mtihani wa B1 na wa B2 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, kila moja unatakiwa upate 60 kati ya 100, na ukianguka moja unarudia hiyo tu. Jirekodi sauti ukieleza mgonjwa mmoja kila siku: ana nini, amepewa nini, amekula nini. Ndicho utakachofanya asubuhi ya kwanza kwenye makabidhiano ya zamu, saa 12, wenzako sita wanakutazama na mmoja ana haraka ya kuwahi treni.

Utaona basi milioni 3 na laki 2 zako zina kazi tayari. Ni za kozi, mitihani, tafsiri, nauli za Dar, na ada ya viza. Ada ya kutambuliwa ni euro mia kadhaa kutegemea jimbo, na waajiri wengi huilipa wao pamoja na tiketi. Wakikulipia, soma kipengele cha kurudisha gharama. Ipo mikataba inayosema ukiacha kazi kabla ya miaka 2 au 3 unadaiwa maelfu ya euro. Usisaini usichokielewa. Ukiwa kule, huduma inayoitwa Faire Integration inashauri wafanyakazi wa kigeni kuhusu haki zao za kazi bila malipo, lakini bora uulize kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mshahara nao ujue mapema. Kwenye nyumba za wazee kuna kima cha chini cha kisheria: Julai 2025 kiliwekwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo, na euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Kwa kiwango hicho na wiki ya saa 39 muuguzi anazidi kidogo euro 3,400 kwa mwezi, halafu kodi, bima ya afya na pensheni vinachukua karibu theluthi. Kodi ya nyumba itameza sehemu kubwa ya kinachobaki, na mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi miezi 3. Ndani ya wiki 2 za kuhamia lazima ukajiandikishe ofisi ya mji, bila hiyo mambo mengine yote yanakwama. Nenda na akiba ya miezi miwili, usiende mkono mtupu ukitegemea mshahara wa kwanza.

Na jiandae kwa kazi yenyewe. Huku kwetu mgonjwa ana ndugu zake, wanamwogesha, wanamlisha uji, wanamgeuza. Kule ndugu wa mgonjwa ni wewe. Wewe uliyezalisha wanawake usiku peke yako kwa mwanga wa simu utakuta hata kuweka kanula mara nyingi wanamwita daktari, halafu asubuhi yako yote ni kuosha migongo na kubadilisha nepi za wazee. Wauguzi wetu wengi wanalichukulia kama kushushwa hadhi, wanakaa na uchungu miaka. Mimi lilinichukua muda kuona kwamba mzee anayeogeshwa vizuri, maji ya moto, bila haraka, anaanza kukueleza mambo ambayo daktari hajawahi kuambiwa. Ukiona huwezi kazi hiyo, jiambie sasa, kabla hujatumia shilingi.

Mtoto. Nimeliacha mwisho kwa kuwa mimi mwenyewe niliacha wa miaka 4.

Kisheria anaweza kukufuata, ukiwa na kibali, nyumba inayowatosha na kipato. Kwa vitendo panga kwamba itakuwa baada ya kupata leseni kamili. Hesabu miaka miwili mbali naye baada ya kuondoka, inaweza kuzidi. Hakikisha cheti chake cha RITA kipo na majina yanafanana na ya pasipoti yako herufi kwa herufi. Baba yake, kwa kuwa hajamkana, ridhaa yake itahitajika mkiwa mna malezi ya pamoja, kwa hiyo kaa naye uzungumze sasa wakati mna uhusiano mzuri. Akikubali, nendeni Ustawi wa Jamii yaandikwe. Nimeona mtoto akikaa miaka ya ziada Dar kwa sababu ya sahihi moja ya baba aliyekasirika. Na mama yako umwulize waziwazi kama anaweza kumlea, si kumwarifu tu. Nadhani ule mchele anaouchambua mara mbili ni swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Binti usimwambie unarudi baada ya miezi mitatu. Mimi nilimwambia wangu nitarudi mvua zikiisha. Dada yangu akanieleza kwamba kila mvua ilipokatika mtoto alikuwa anaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Mwambie ukweli kwa kipimo cha miaka 6: mama anakwenda mbali, ni muda mrefu, utanisikia kila Jumapili, na bibi yupo. Halafu hiyo Jumapili isikosekane.

Kaka yako mwonyeshe barua hii. Anakupenda, ndiyo maana yuko tayari kuuza alichoachiwa. Mwambie shamba likae, machungwa ya Muheza yatasaidia kulipa ada ya shule ya mtoto utakapokuwa unasubiri barua ya jimbo.

Ukishapata pasipoti mkononi niandikie. Na ukipata ile barua ya saa kutoka chuoni, niandikie tena, uniambie wamekupa saa ngapi za wodi ya afya ya akili, tuone upungufu wako utaangukia wapi.

Shangazi